Kasisi na Jembe Lake: Khabari za Deni, Mkopo na Kujitegemea katika Nchi ya Kilwa na Lindi

Katika sheria ya Musa mwaka wa yubile ulikuwa mwaka wa mtumwa kurudi kwa jamaa zake, na wa shamba lililouzwa kwa dhiki kurudi kwa mwenyewe. Sisi twafanya yubile kwa maandamano, kwa nyimbo na kwa pilau, wala si vibaya. Walakini Dayosisi ya Masasi, iliyowekwa mwaka 1926, ambayo miaka yake 100 inatimia mwaka 2026, ina sababu yake yenyewe ya kulikumbuka lile agizo la kale. Kanisa la nchi hii lilianzwa na watu waliotoka utumwani, na utumwa ule ulikwenda kwa miguu ya deni. Khabari za maaskofu na za majengo zimekwisha andikwa mara nyingi. Hapa nataka kueleza jambo lisilosemwa sana madhabahuni: kasisi wetu alikula nini, na fedha ya kuanzia kazi ya mikono yake aliipata kwa nani.

Mtu akifika Kilwa Kivinje leo huona mji mtulivu, wenye boma la Wadachi lililobomoka, na nyumba za mawe zilizoota miti. Lakini katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mlango mkubwa wa biashara ya watu waliotoka upande wa Nyasa. Wasomaji wengi hudhani wenye misafara walikuwa matajiri. Walio wengi walikuwa wadeni. Mwenye msafara alichukua nguo, shanga, baruti na bunduki kwa mkopo kutoka kwa wafanya biashara wa Unguja, wengi wao Wahindi, au kwa mawakala wao waliokaa pwani. Kisha alikwenda bara, akakaa huko miezi mingi, na aliporudi alilipa kwa pembe na kwa watu. Bei ya ile nguo iliyokopeshwa ilikuwa imekwisha kuongezwa tangu siku ya kwanza, hata mtu asiyerudi na mzigo wa kutosha alibaki chini ya mwenye mali wake, akapelekwa bara tena. Basi mkopo uliwapeleka watu wale kukamata wenzao. Ndivyo walivyofika pwani wengi wa wale ambao baadaye twawaita wazee wa imani yetu.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa, na juu ya kiwanja kile Askofu Edward Steere akajenga kanisa kuu la Mkunazini. Mwaka 1876 Sultani akakataza pia misafara ya watumwa ya nchi kavu. Mwaka ule ule, mwezi wa Novemba, Steere alifika Masasi. Alikuwa ametoka Unguja kwa bahari hata Lindi, na kutoka Lindi kwa miguu, pamoja na zaidi ya watu 50 waliokuwa watumwa na sasa ni watu huru, waume kwa wake. Walipewa mahali penye maji karibu na milima ya mawe, wakakata miti, wakajenga, wakalima. Hawakuwa na deni kwa mtu. Hawakuwa na mtaji vile vile.

Chama kilichowaleta, kile cha Misioni ya Vyuo Vikuu, yaani U.M.C.A., kilizaliwa kwa hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, naye alisema wazi kwamba alikuwa akirudi Afrika kufungua njia ya biashara na ya dini ya Kikristo pamoja. Nusu ya pili ya maneno yale ilishikwa kwa nguvu. Nusu ya kwanza ilififia. Wamisionari wenyewe hawakupenda fedha. Kwa desturi ya chama chao hawakupata mshahara, bali chakula chao na posho ya pauni 20 kwa mwaka, na wengi wao walikufa maskini. Twawaheshimu kwa hayo. Lakini mtu asiyejali fedha, na ambaye chakula chake huletwa na meli, hawezi daima kujua shida ya mwenye watoto sita na shamba la mtama.

Tumtazame Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, alichukuliwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani, Unguja, na kisha Canterbury, Uingereza. Alifanywa shemasi mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa kasisi, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misioni hii. Alitumwa Chitangali, kwa mwenye nchi wa Kiyao aitwaye Nakaam, ambaye kwa kazi yake alibatizwa kwa jina la Barnaba. Majaliwa alikuwa na mke, alikuwa na watoto, alizungukia vijiji, na watu walimsikia kwa sababu aliwaambia mambo kwa lugha yao. Kabla karne ile kwisha alirudi Unguja. Waandishi wa khabari za Kanisa humsifu kwa ubatizo, na ni haki yake. Mimi namwona pia kuwa mtu wa kwanza katika nchi yetu aliyekutana na swali hili: kasisi wa Kiafrika mwenye jamaa, akaaye mbali na makao makuu, ataishi kwa mkono wa nani?

Jibu la siku zile lilikuwa ujira wa kila mwezi kutoka katika mfuko wa misioni, na mfuko ule ulijazwa na wapenzi wa misioni kule Uingereza. Jibu hili lilikuwa jema kwa mtu mmoja. Kwa Kanisa zima lilikuwa na fundo ndani yake: hesabu ya makasisi wa Masasi, Newala na Lindi haikufuata hesabu ya watu waliohitaji Sakramenti, ilifuata hesabu ya sadaka iliyokusanywa katika miji ambayo watu wetu hawakuwahi kuiona.

Fundo lile lilikatika kwa nguvu wakati wa Vita Kuu ya 1914. Wadachi waliwafunga wamisionari wa Kiingereza. Mwaka 1915 manowari za Waingereza zikaifunga pwani, na fedha isingeweza kupita. Makasisi wa Kiafrika, kama Daudi Machina, Reuben Namalowe na Kolumba Msigala, waliachwa na kundi, katika nchi ambayo majeshi mawili yalikuwa yakichukua nafaka na wapagazi. Waalimu wengi walipata mateso. Mwaka 1917 vita vikali vilipigwa Mahiwa, karibu na Nyangao, katikati ya nchi yetu. Ujira haukuwako. Palikuwa na jembe, na sadaka ya watu walio na njaa wenyewe. Hata hivyo Misa haikukoma. Waalimu watakaosoma habari hizi na watoto wasiipite miaka ile kwa upesi, maana hapo dayosisi ambayo ilikuwa haijazaliwa bado ilionyesha ya kwamba yaweza kusimama bila meli.

Vita vilipokwisha, ujira ulirudi, na desturi ya zamani nayo ikarudi. Mwaka 1926 William Vincent Lucas akawa askofu wa kwanza wa Masasi, akakaa hata 1944. Anakumbukwa sana kwa namna alivyoyachukua mambo ya jando na kuyatia katika njia ya Kikristo, na katika hilo alikuwa na ujasiri usio wa kawaida kwa Wazungu wa siku zake. Katika jambo la fedha ya makasisi mtu haoni ujasiri wa namna ile.

Hapa lazima nieleze jambo la sheria, kwa kuwa vijana hawalijui. Serikali ya Waingereza katika Tanganyika ilitunga mwaka 1923 sheria ya kuzuia kuwakopesha wenyeji, ikatengenezwa upya mwaka 1931. Maana yake, mfanya biashara asiyekuwa mwenyeji akimkopesha Mwafrika bila ya kibali cha serikali, hangeweza kumdai barazani. Waliosimamia sheria ile walisema ni kumkinga Mwafrika asinyang'anywe shamba lake kwa deni, na mtu akikumbuka Kilwa ya zamani hawezi kusema hofu ile ilikuwa ya bure. Lakini mlango uliofungwa ili mwivi asiingie humzuia na mgeni mwema. Mwenye duka wa Lindi aliendelea kukopesha, ila alikopesha kwa njia za pembeni, kwa bei ya siri, na kwa yule amwaminiye. Kasisi aliyetaka cherehani, au mitego ya samaki, au fedha ya vibarua wa kupalilia, hakuwa na mahali pa kukopa palipo halali na pa wazi. Hivyo wale waliosema kwamba kasisi wa Kiafrika hawezi kujitegemea walisema kweli, lakini hawakuuliza sababu.

Aliyeuliza alikuwa mtu mmoja mwenye ulimi mkali, Roland Allen. Alikuwa mmisionari huko Uchina ya Kaskazini tangu 1895 hata 1903, kisha akawa kasisi wa mtaa Uingereza, akajiuzulu mwaka 1907. Mwaka 1912 alitoa kitabu juu ya njia za Mtakatifu Paulo na njia zetu, na mwaka 1930 kitabu kingine cha kutetea makasisi wasiolipwa. Neno lake ni jepesi kulieleza na gumu kulikubali. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila. Hakungoja fedha kutoka Antiokia. Kila mahali alipofika aliwaacha wazee waliokuwa watu wa mahali pale, wenye kazi zao, nao waliumega mkate. Sisi, asema Allen, tumefanya Sakramenti kuwa kitu cha mshahara, kisha twashangaa kuona vijiji vikikaa miezi mingi bila kasisi. Mkutano wa maaskofu wa Lambeth wa mwaka 1930 ulilisikia neno hili nusu nusu: haukuliagiza, ila ulikubali kwamba hapana zuio lisiloshindika penye haja. Mwaka 1968 Lambeth ikafika mbali zaidi, ikasema wazi kwamba mtu aweza kuwa kasisi huku akiendelea na kazi yake ya dunia.

Allen alihamia Kenya katika miaka ya 1930, akafa Nairobi mwaka 1947. Uzeeni alijifunza Kiswahili, akatafsiri tenzi za pwani kwa Kiingereza. Tafsiri yake ya Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani wa Hemedi Abdallah el-Buhriy ilichapwa mwaka 1961, yeye akiwa amekwisha kufa miaka 14. Jambo hili si la hoja yangu, lakini nalipenda.

Naona Allen alikuwa na haki katika mengi, na pungufu katika moja. Alisema kasisi na afanye kazi; hakueleza kwa kirefu kazi huanzwaje. Mshona mahema ahitaji nguo ya mahema kabla ya kuuza hema. Katika miji ya Korintho na Efeso mafundi walikuwa na masoko na wenzao wa kazi. Katika kijiji cha bara ya Lindi jembe ni mtaji wa mtu mmoja na mvua moja. Na wakati ule ule fedha nyingi mno ilipita mbele ya macho yetu: tangu 1947 serikali ya Uingereza ilikuja Nachingwea na mradi wa karanga, kwa matrekta, reli na bandari mpya ya Mtwara, na mwanzoni mwa 1951 pauni milioni 36 na zaidi zikafutwa katika vitabu vyao kama hasara. Sijui namna nzuri zaidi ya kuonyesha kwamba ukubwa wa mtaji na manufaa yake si kitu kimoja.

Kilichowafaa watu wetu ni mti ambao Wareno waliuleta pwani zamani, nao ni mkorosho. Korosho zilimwezesha mtu wa Newala, wa Masasi, wa Lindi na wa Kilwa kuwa na fedha yake mwenyewe, na vyama vya ushirika vikasimama juu yake. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Kufika 1986/87 zilikuwa zimeanguka hata tani 16,500 hivi. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na ugonjwa wa ubwiriunga ukafunika maua kwa unga mweupe. Sadaka ya Kanisa ikaanguka pamoja na korosho. Miaka ile U.M.C.A. nayo haikuwako tena kwa jina lake, maana mwaka 1965 iliungana na chama cha S.P.G. Makasisi wa Kiafrika walirithi mitaa, nyumba zenye bati lililotoboka, na mshahara ulioandikwa tu.

Dawa ya ubwiriunga ikapatikana, ndiyo salfa. Na hapo mambo yakabadilika kwa namna ambayo wahubiri hawakuiona upesi. Mkorosho wa zamani haukutaka fedha. Ulitaka kupaliliwa na kungojwa. Mkorosho wa sasa hutaka salfa ipulizwe wakati wa maua, tangu Juni hivi, nayo hununuliwa kwa fedha taslimu miezi mitano au sita kabla ya mavuno. Mwenye shamba asiye na fedha mwezi wa Juni hatakuwa nayo Desemba. Ndipo aingiapo mtu wa kangomba, anunuaye korosho zingali mtini au zingali vumbini, kwa bei yake mwenyewe, kinyume cha sheria. Mkulima hupata noti kidogo siku ya shida, na huzilipa kwa gunia siku ya neema. Jina ni jipya, desturi ni ile ile ya misafara ya Kilwa: mali mbele, bei ya siri, na mdeni asiyemaliza. Serikali imeipiga vita mara kwa mara, hasa katika msimu usiosahaulika wa korosho wa 2018, jeshi lilipotumwa kukusanya korosho zote.

Kasisi naye ana mikorosho. Nalisema hili wazi kwa kuwa washarika wengi huona haya kulisema. Katika mitaa ya pwani, Kilwa, Lindi na vijiji vya chumvi na samaki, ambako jirani zetu walio wengi ni Waislamu na Wakristo ni jamaa wachache, sadaka ya Jumapili haiwezi kumlisha mtu. Kasisi wa mahali kama hapo akiingia katika kangomba, atamhubirije mnunuzi wake akaaye kiti cha mbele?

Basi mkopo mdogo wa halali ni jambo la uhuru wa mimbari. Njia zake sasa ziko. Tangu 2007 stakabadhi ghalani zilianzwa Mtwara: mkulima huweka korosho ghalani, hupewa hati, na chama chake cha msingi huweza kukopa benki kwa nguvu ya mzigo ule. Njia hii imesaidia, ingawa malipo yakichelewa hasira huwaka, kama ilivyokuwa Liwale mwezi wa Aprili 2013. Viko na vikoba vya vijijini. Mfano wake ulitoka Niger, ambako shirika la CARE lilianza na wanawake mwaka 1991. Watu hadi 30 huketi pamoja kila juma, hununua hisa, hutia fedha katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali. Mtu hukopa mara mbili au tatu ya hisa zake, na wenzake watano humdhamini. Katika Ushirika wetu wa Kianglikana, baada ya Lambeth ya 1998, kilitokea chama cha Five Talents kwa kazi hii, nacho kilisaidia shirika la Mama Bahati huko Iringa kuwakopesha wanawake wa biashara ndogo.

Nimeona watu wakidhani kwamba dawa ni Kanisa lenyewe kufungua mfuko na kuwakopesha makasisi. Mimi sikubali. Mdeni wa askofu wake si mtu huru, na askofu anayedai si baba. Tena mkopo wa Kanisa huonekana machoni pa watu kuwa zawadi, na zawadi hairudishwi. Afadhali kasisi aketi katika kikoba pamoja na mwuza samaki na mshona nguo, Mkristo kwa Mwislamu, anunue hisa kama wao, naye adhaminiwe nao. Atakapochelewa kulipa wataona, na atakapolipa wataona vile vile. Nyumba ya kasisi na kiwanja cha kanisa visitiwe rehani kamwe, maana si mali yake. Wala asiwe yeye mkopeshaji wa riba: mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 17, uliagiza mwenye daraja takatifu atozaye riba aondolewe katika daraja lake, na kwa watu wa pwani, ambao wamefundishwa ubaya wa riba tangu chuoni, kasisi wa namna hiyo angekuwa aibu ya dini nzima.

Zipo kazi zinazomfaa na zisizomfaa. Kuku, ufuta, mashine ya kusaga, cherehani ya mke wake, hizi hazimwondoi kijijini. Pikipiki ya kubeba abiria humwondoa. Na mabibo ya shamba lake watu watayataka kwa uraka. Hapo ajiamulie mapema, kabla hawajafika na ndoo.

Lililobaki ni la kalenda, na halmashauri za mitaa zinapaswa kulifikiri kabla ya kumpa mtu daraja kwa masharti ya kujitegemea. Miezi ya kupuliza salfa ndiyo miezi ya kiangazi ambayo njia hupitika, na ambayo kasisi huzungukia vijiji vya mbali kwa ubatizo na ndoa. Akikaa shambani vijiji hukosa. Akiondoka maua huungua. Palipo na makasisi wawili wa namna hii katika mtaa mmoja, mmoja aweza kusafiri Juni na mwenziwe Julai. Na marejesho ya mkopo yasiwekwe kila mwezi kama ya mtu wa mshahara, bali yaangukie Novemba hata Januari, wakati korosho zimekwisha pimwa na fedha imefika mkononi.